Nta ya Shija

Mwezi uliopita muuza asali mmoja pale sokoni Tabora alinikatia kipande cha sega nionje. Asali ikaisha mdomoni, nta ikabaki, nami nikaendelea kuitafuna huku nikifikiria kama ninunue au nisinunue. Ghafla nikasikia harufu ya dizeli. Hapakuwa na dizeli mahali pale. Palikuwa na samaki wakavu, na mama mmoja akipepeta karanga. Lakini kwangu nta iliyolainika mdomoni na dizeli ni harufu moja, haziachani, na nyuma yake huja wivu. Basi nikasimama sokoni, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikamwonea wivu dada yangu kwa jambo la utotoni.

Niwaambie jina langu kwanza, maana wivu wenyewe ulianzia hapo. Kwetu Unyamwezini pacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija, atake asitake. Mimi ni Shija. Jina langu lenyewe linatangaza kwamba wapo walionitangulia. Kulwa alilelewa na bibi huko Isikizya, kwa hiyo pale nyumbani Igalula alibaki Doto peke yake, naye alitosha. Gauni jipya lilianza kwake, likanifikia mimi likiwa limepauka makwapani.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, si mbali na stesheni. Alikuwa mmiliki na fundi wake mwenyewe, na mimi nilimpenda kupita kiasi. Nilipenda hasa mikono yake. Alikuwa akiipua sufuria ya chai inayochemka bila kitambaa, anaiweka chini polepole, wala hakunji uso. Shuleni nikajisifu kwamba mikono ya baba yangu haiungui. Wenzangu wakabisha, nikawaleta nyumbani waone kwa macho yao. Baba akacheka, akaipua sufuria mbele yao, nami wiki nzima nikatembea shingo juu.

Kisha, mwaka ambao mahindi yalikubali kuliko miaka yote ninayoikumbuka, injini ikaanza kuvuja maji na kukosa nguvu. Hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu, ilishikwa na stadi, vyuma virefu vilivyosimama ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, kila kimoja na nati yake. Kimoja kilikuwa hakikazi tena. Baba akikaza nati, stadi yenyewe inapanda juu kama jino bovu. Uzi wa ndani ya tundu lake, ile michirizi ya kuzunguka inayoishika stadi, ulikuwa umelika. Wanawake wakageuza ndoo zao za mahindi, wakaenda kwenye mashine ya ng'ambo ya reli, na mama akaanza kutupimia uji.

Dawa yake ilikuwa moja. Tundu litobolewe liwe pana zaidi, likatwe uzi mpya kwa tepu, chuma chenye meno ya kukatia uzi, ndani yake ifungwe bushi, bomba fupi la chuma lenye uzi nje na ndani, ndipo stadi ikae humo. Bushi baba alichongewa mjini, na tepu aliazima. Akatuonya tusiichezee, maana tepu ni ngumu lakini inavunjika upesi, na ikivunjikia tunduni haitoki. Bloku imekwisha hapo, na mashine nayo imekwisha. Hatukuwa na nyingine.

Alipomaliza kutoboa, akaita, "Doto!"

Hakuniita mimi. Akamsimamisha Doto mbele yake, akamshikisha mpini wa tepu, kisha akaweka mikono yake juu ya mikono ya Doto, kidevu chake karibu kiguse nywele zake. Wakaanza kuzungusha, nusu mbele, robo nyuma, ili chuma kinachokatwa kisikwame. Kila mara baba alimwuliza kwa sauti ya chini, "Unasikiaje, mwanangu? Mwepesi au mzito?" Doto akisema mwepesi, wanaendelea. Akisema mzito, wanasimama, wanarudi nyuma, wanapangusa, wanaanza tena.

Mimi nilipewa nta. Matundu ya maji kwenye bloku yalitakiwa kuzibwa ili chembe za chuma zisitumbukie, na nta baridi haizibi kitu. Nikaketi juu ya debe nikatafuna nta hadi taya zikauma. Nilipolalamika, baba akasema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," akanyoosha mkono kupokea donge jingine, macho yake yakiwa kwa Doto.

Niwafiche nini? Nilikuwa na wivu hadi mate yakawa machungu. Mashine sikuijali. Nilitaka mikono ile iwe juu ya mikono yangu. Kilichonikera zaidi ni kwamba Doto hata hakufurahia. Alikuwa akitazama mlangoni, wenzake wanaruka kamba nje. Tonge langu lilikuwa kinywani mwa mtu asiye na njaa. Mara moja nikaomba tepu ivunjike, kisha nikaukumbuka uji, nikaomba isivunjike.

Haikuvunjika. Bushi ikaingia ikatulia, stadi ikasimama imara. Baba akachokoa nta yangu kwenye matundu, akaitupa, akarudisha hedi. Nati ile ikakaza. Injini iliponguruma mama alipiga vigelegele, na baba akambeba Doto juu juu kama bibi harusi. Mimi alinipapasa kichwa.

Baba alikuja kufariki kwa sukari, miaka mingi baadaye. Siku ile ya sokoni nilinunua sega zima, nikalipeleka kwa Doto, nyumbani kwake Cheyo.

"Shikamoo, dada," nikamtania. "Leo nimekumbuka ulivyoninyang'anya baba na tepu yake."

"Marahaba," akasema, lakini hakucheka. Akalamba asali kidoleni, akanitazama. "Shija, baba alikuwa na ganzi. Vidole vyake havikusikia kitu. Tepu ingekaza, yeye angeendelea kuzungusha mpaka ivunjike. Mimi ndiye niliyekuwa namsikilizia."

Sufuria ya chai ikanijia mbele ya macho.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alisema, 'Shija asijue, mwenzio anajivunia mikono hii.'"

Mwingine angefarijika. Mimi nikamwonea Doto wivu kuliko siku ile ya debe na nta. Mimi nilikuwa na baba asiyeungua, na yeye alikuwa na baba mwenyewe, na ganzi yake, na hofu yake, vyote mikononi. Nikatafuna nta mpaka ikaisha utamu.

"Alikushikaje?" nikamwuliza.

Doto akanawa mikono, akaja nyuma ya kiti changu, akaweka viganja vyake juu ya viganja vyangu.

"Nusu mbele," akasema.