Siku Huguette Alipokula kwa Watu

Huguette Gingras alikuwa na hadithi moja, na aliitumia kama wengine wanavyotumia bakora. Kila Mwaka Mpya, pai ya nyama ikishakatwa na ndugu zake wameanza kulegeza mikanda, angegonga glasi kwa uma na kuuliza, "Mnakumbuka mliponisahau?" Ndugu kumi wangeinamisha vichwa. Kisha angepewa kipande kikubwa kuliko vyote, na sherehe ingeendelea.

Sasa ndugu walikuwa wamebaki watatu, na yeye alikuwa na miaka sabini na mitano, mjane, goti moja la kuzaliwa nalo na jingine la chuma. Aliishi ghorofa ya tatu mashariki mwa Montreal, juu ya ngazi ya nje iliyojisokota kuanzia njiani mpaka mlangoni. Aliyebuni ngazi ya namna ile katika mji wenye barafu miezi mitano, Huguette alimwombea moto wa milele kila asubuhi ya Januari. Lakini mtu mwingine akiisema vibaya ngazi hiyo, alimjia juu.

Binti yake, Manon, alikuwa amempatia chumba katika nyumba ya wazee huko Laval, ng'ambo ya mto, nyumba yenye lifti, muuguzi, na mazoezi ya kurusha mikono ukiwa umekaa. Kuhama kulipangwa tarehe mosi Julai. Mji mzima huhama siku hiyo, kila mtu akiingia alikotoka mwenzake, magodoro yakipishana barabarani. Hakuna anayejua kwa nini wasigawane tarehe.

Huguette hakutaka kwenda, na sababu aliijua. Aliogopa kusahauliwa mara ya pili. Mtu aliyewahi kusahauliwa anajua jinsi jambo lile linavyotokea: hakuna anayekusudia. Watu wanakuwa na shughuli, wanahesabu haraka, na siku inapita. Huko Laval atatembelewa kila Jumapili, halafu kila mwezi, halafu siku ya kuzaliwa, tena kwa simu.

Jioni ya kuamkia siku ya kuhama, Manon alitundika rozari kwenye kamba ya nguo, kama bibi zao walivyofanya wakitaka jua siku ya harusi. Alipoondoka tu, Huguette aliianua akaificha kwenye friza, chini ya mfuko wa njegere. Alitaka mvua ya gharika. Asubuhi jua likawaka kama halina aibu.

"Huyu Mungu siku hizi hasomi hata ishara," akasema.

Manon alifika na lori la kukodi na vijana wawili wenye shingo nene. Nyuma yao akapanda Réjean, kaka yake Huguette, miaka themanini, aliyekuja kusaidia. Msaada wake ulikuwa kukaa rosheni na kopo la bia akiwaelekeza wengine jinsi ya kubeba.

Kule matusi hayamgusi mama wa mtu; huchotwa kanisani. Mtu akijigonga kidole hutaja kalisi, kikombe cha divai ya misa. Jokofu likikwama ngazini, hutajwa tabernakulo. Na likiponyoka, vyombo vyote vya altare hutajwa kwa pumzi moja. Kufikia saa nne vijana wale walikuwa wamekwisha kutaja misa nzima, jikoni pamebaki kiti kimoja, na kwenye kiti hicho alikuwa amekaa Huguette.

"Mama, twende. Lori linasubiri."

"Sishuki."

"Mama, usinifanyie hivi. Mpangaji mpya anaingia saa nane."

"Aingie. Atanikuta. Réjean! Acha hiyo bia, njoo hapa."

Réjean akaja na bia yake.

"Nitashuka," Huguette akasema, "ukikiri mbele ya binti yangu kwamba mlinisahau. Siku zote mnanyamaza. Leo useme kwa mdomo wako. Ajue damu aliyotoka ni ya namna gani."

Manon akaketi juu ya ndoo. Alijua kinachofuata, maana alikuwa amelishwa hadithi hiyo pamoja na maziwa.

Ilikuwa mwaka 1957. Wakati huo mji ulihama tarehe mosi Mei, siku ya shule, kabla wakubwa hawajashtuka kwamba watoto pia wana masomo, wakaisogeza hadi Julai. Akina Gingras walikuwa watoto kumi na mmoja, na mama yao, Florida, aliona heri kuhama kuliko kusugua nyumba. Walihama karibu kila mwaka, mara zote ndani ya mitaa minne ileile. Huguette alikuwa na miaka saba. Asubuhi aliambiwa, "Ukitoka shule, nenda nyumba mpya, ya mlango wa kijani." Aliambiwa, lakini akili yake ilikuwa kichochoroni, kwenye mpira wa magongo. Wakati wa baridi walicheza kwa mavi ya farasi wa muuza maziwa, yaliyoganda yakawa jiwe, na yeye ndiye aliyekuwa golikipa kwa sababu hakuogopa kuyazuia kwa uso. Kulipopata joto walirudi kwenye mpira wa kawaida, na hilo lilimhuzunisha.

Basi saa tisa akaenda nyumba ya zamani. Akapanda ngazi ileile na kuingia kwa mlango uleule. Ndani akakuta maboksi, godoro limeegemezwa ukutani, na mwanamke mpana asiyemjua akikoroga supu ya njegere. Huyo alikuwa Rose-Aimée Vadeboncoeur, aliyehamia asubuhi ile na watoto tisa, pamoja na wapwa waliokuja kubeba viti. Hakuuliza chochote. Aliona kinywa, akakiwekea bakuli. Mvulana mmoja tu, Bertrand, ndiye aliyelalamika kwamba yule msichana amekula ukoko wake wa mkate.

Saa moja jioni redio ikawashwa. Nyumba zote za mji zilikuwa zikipiga magoti saa hiyo, askofu mkuu akiongoza rozari hewani. Huguette akapiga magoti na akina Vadeboncoeur. Usiku akalazwa kati ya mabinti wao wawili wanene. Ilipofika asubuhi ndipo Rose-Aimée alipomwosha uso, akampeleka mpaka mlango wa kijani, na Florida Gingras akafungua akisema, "Kumbe uko hapo. Ingia, uji unapoa."

Maneno hayo sita ndiyo yaliyomkaa Huguette miaka sitini na minane. Alipoolewa na Bertrand wa ule ukoko, akarudi kuishi katika nyumba ileile, maana akina Vadeboncoeur hawakuhama tena: Rose-Aimée alipoipanda ngazi ile mara ya kwanza, alisema atashuka kwa ajili ya kanisa tu. Mama mkwe akafa, Bertrand naye akafa, Huguette akabaki. Na alisema wazi, kwa yeyote mwenye masikio, kwamba anakaa pale kwa sababu ni nyumba pekee duniani ambapo mtu alimwona ameingia.

"Haya," akamwambia kaka yake. "Sema."

Réjean akatazama ndani ya kopo.

"Hatukukusahau."

"Usianze, Réjean."

"Mama alikuwa anahesabu migongo," Réjean akasema. "Wakati wa rozari. We ulidhani amefumba macho anasali? Alikuwa anahesabu. Kumi na mmoja, kila jioni. Siku ile akapata kumi. Akaangusha rozari yake sakafuni, askofu anaendelea kuongea peke yake. Akanishika mkono. Tulipita kichochoroni mbio, na yale malapa yake. Tukapanda ngazi ya hapo nyuma, mpaka rosheni hiyo hapo."

Akaonyesha dirisha la jikoni kwa kopo.

"Ulikuwa umepiga magoti katikati ya wale mabinti wanene. Umenyooka kama mshumaa. Mikono imefumbwa. Wewe! Wewe uliyekuwa unasali umelalia kiti kama gunia! Nikataka kugonga. Mama akanizuia. Akasema, 'Mwache amalize. Kwangu hajawahi kumaliza rozari hata moja.'"

Manon akacheka, kisha akafunika mdomo.

"Na baada ya rozari?" Huguette akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Baada ya rozari akashindwa. Alisema, 'Nitamwambia nini yule mwanamke? Kwamba nimepoteza mtoto kama mwavuli?' Akasimama tu, analia. Yule Rose-Aimée akamwona kupitia kioo. Wakatazamana. Rose-Aimée akakuonyesha wewe kwa kidole, akalaza shavu lake kwenye kiganja hivi, yaani mwache alale. Mama akaitikia kwa kichwa. Tukakaa hapo mpaka taa ikazimwa. Miguu yangu iliganda, nilikuwa na soksi moja."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema mtoto akijua mama yake alifika dirishani asiingie, atauliza kwa nini, na yeye hana jibu. Akasema afadhali udhani alisahau. Wanawake wenye watoto kumi na mmoja husahau, hakuna anayewashangaa."

Kutoka mtaani ilisikika sauti ya mtu akiitaja sakristia yote kwa sababu ya kochi.

"Kwa hiyo aliniona, akaniacha," Huguette akasema. "Hiyo si mbaya zaidi, mpumbavu wewe?"

"Sijui, dada. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na soksi moja."

"Miaka yote hii nimekula pai kwa uongo!"

"Ulikula vipande vikubwa kweli," Réjean akakubali.

Huguette akamrushia kitambaa cha sahani, kisha akalia. Alilia kwa hasira kwanza, akimlilia mama aliyekuwa na haya kuliko akili, halafu akalia kwa namna nyingine ambayo hakuwa na jina lake. Alipomaliza alifungua friza, akatoa rozari iliyoganda pamoja na zile njegere, akaitia mfukoni, akashuka. Kila kipandio alikitukana kwa jina lake. Vijana wenye shingo nene wakavua kofia.

Chumba cha Laval kilikuwa kisafi kiasi cha kutia mashaka. Chakula cha jioni kililetwa saa kumi na nusu, saa ambayo katika maisha yake yote ilikuwa ya kutia maji kwenye njegere. Manon alipanga nguo kabatini, akambusu, akasema, "Narudisha lori, mama. Saa kumi na mbili niko hapa. Usitoke."

Huguette akaahidi. Baadaye alidai kwamba miguu ilijiendea yenyewe, kwa mazoea, kama mwaka ule. Hilo ni juu yenu kuamini, maana miguu hiyo ilikumbuka kuchukua pochi na tiketi, ikakumbuka pa kushukia treni ya chini ya ardhi, na ikakumbuka kusimama mara tatu kwenye ngazi kupumzisha lile goti la kuzaliwa nalo.

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni kulikuwa na maboksi, godoro limeegemezwa ukutani, na vijana sita wamekaa sakafuni wakila piza, jasho likiwatoka. Msichana aliyehamia, Océane, alidhani kikongwe huyu ni bibi wa mmoja wa marafiki wa mpenzi wake. Mpenzi wake, Maxime, alidhani ni shangazi wa Océane aliyekuja kusaidia. Kila mmoja akaogopa kuuliza.

"Karibu, bibi, kaa hapa," Océane akasema, akamsogezea boksi lililoandikwa sufuria. "Utakula ya uyoga au ya soseji?"

"Ya soseji. Na hilo jokofu mmeliweka vibaya. Mlango utakuwa unagonga ukuta. Nimeugonga miaka hamsini."

Wakacheka, ingawa hawakuelewa, na Maxime akainuka kulisogeza.

Huguette alikuwa katikati ya kipande chake aliposikia chuma cha ngazi ya nyuma kikilia. Hakugeuka upesi. Aliangalia kwa pembe ya jicho. Nje ya dirisha la jikoni, katika jua la saa moja jioni, Manon alikuwa amesimama rosheni, mkono kifuani, nywele zimesambaa, anahema kama aliyekimbia kutoka Laval kwa miguu. Alimwona mama yake amekaa kati ya watu asiowajua, ana piza mkononi. Akainua ngumi kugonga kioo. Halafu ngumi ikabaki hewani, na uso wake ukaanza kulia.

Huguette akaelewa kwamba akigeuka tu, yote yatakwisha na watakwenda nyumbani. Akaingiza mkono mfukoni, akaishika ile rozari, ambayo sasa ilikuwa imepata joto. Kisha akanyoosha mgongo wake wote, kama mshumaa, mpaka mifupa ikalia.

"Binti," akamwambia Océane, "nipe kipande kingine. Huyo wa dirishani ni wangu. Mwacheni kidogo, anahesabu."