Lori Lililomlisha Mama

Sina ugomvi na malori ya umeme. Siku hizi nguo zangu hukauka kwenye kamba bila masizi, na kikohozi cha mwanangu kimepungua. Wanaoyasifu na wayasifu. Mimi nasimulia yaliyotupata nyumbani kwetu, kando ya barabara ya Njoro.

Baba aliendesha lori la dizeli, akibeba ngano kutoka maghala ya Njoro hadi kiwanda cha unga mjini Nakuru. Ilikuwa safari fupi, nenda rudi mchana kutwa. Kila jioni, akipita na mzigo wa mwisho, alishusha gia pale mlimani chini ya nyumba yetu, na lori likanguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Hapo ndipo Mama alipobandika maji ya ugali. Baba alipomaliza kuegesha kiwandani na kurudi kwa bodaboda, ugali ulikuwa tayari. Hakuna aliyetia tonge kinywani kabla yake, awe mgeni au mtoto. Mama alilelewa hivyo na hakutaka kusikia mengine.

Baba akafa kwa ugonjwa wa figo. Lori likapewa dereva mwingine na likaendelea kupita jioni kama kawaida. Kisha akili ya Mama ikaanza kumtoroka. Alimsahau pasta, siku nyingine akanisahau mimi, na mwishowe akasahau kwamba yeye ni mjane. Lori likinguruma mlimani alisema, "Huyo baba yenu ameshafika. Pakua." Alikula vizuri, akalala. Ndugu zangu walisema namdanganya mzazi. Nikawaambia waje wamlishe wao. Hawakuja.

Ndipo kiwanda kikaleta malori mapya, yanayochajiwa kwa umeme wa mvuke ule utokao ardhini upande wa Longonot. Jioni ya kwanza lori jipya lilipanda mlima wetu kimya kama paka, nami nikaliona kwa sababu tu nilikuwa naanua nguo. Mama alikaa mlangoni akingoja. "Hajafika," akasema. Kesho yake vilevile. Nikimpa uji, aliuweka mdomoni kisha akautema. Alikonda mpaka bangili yake ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko, nami nilikuwa nalia jikoni kwa hasira na uchungu.

Nikaenda kumsimamisha dereva barabarani, nikamweleza yote.

"Woi, pole sista," akasema. "Hii gari haina kelele kabisa, hata mimi ilinishtua. Lakini nitakuwa napiga honi nikipita, usijali."

Akapiga kweli, kila jioni, Mungu ambariki. Mama akatega sikio. "Huyo ni mtu anataka apishwe njia," akasema, akaisukuma sahani.

Basi nikaketi sakafuni, nikamshika magoti. "Mama, Baba alikufa. Tulimzika."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikaona amenijua. Akapiga ukemi. Majirani walikuja mbio wakidhani yeye ndiye amekufa. Waliposikia kisa, hakuna aliyecheka. Mmoja akapika chai, wengine wakaimba wimbo wa kanisani, wakakaa naye kama watu waliokuja matangani. Nilishukuru sana kuwa na majirani wa namna ile.

Walipoondoka, Mama akaniuliza kama naye alikuwepo siku ya mazishi. Nikamwambia alikaa mbele kabisa, na ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Kisha akavuta sahani, akala ugali uliopoa, tonge baada ya tonge, machozi yakidondokea sukuma wiki. Nikadhani sasa yamekwisha.

"Na lori lake?" akauliza.

"Liliuzwa, Mama. Likakatwakatwa, likawa chuma chakavu."

Aliweka chini tonge la mwisho.

"Kwa hivyo hata hilo mmelizika bila kuniambia."