Vumbi la Etelka

Zamani sukari ya kiwanda chetu haikufika kikombeni mwa mtu kabla haijapita chini ya kiganja cha Etelka. Siku hizi inakaguliwa na jicho la umeme ambalo halijawahi kunywa chai.

Etelka alisimama kwenye chekeche kubwa miaka ishirini na sita. Nyavu zilipangwa moja juu ya nyingine, zikitikisika mchana kutwa: punje nene zikabaki juu, za kawaida katikati, vumbi likaanguka chini kabisa. Kila kitu pale kilikuwa cheupe, hewa, kope zake, hata sauti, kana kwamba tunafanya kazi ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Vumbi lile alinifungia kwenye leso, kwa siri, niwalishe nyuki wangu. Punje kavu nyuki hawaziwezi, vumbi hulilamba.

Oktoba moja akaweka kiganja kwenye fremu, akasimamisha mashine.

"Wavu wa chini umechanika."

Gáspár, msimamizi wetu, akaufungua, akaumulika, asione tundu. "Umeota, mama."

"Kiganja changu hakioti, bwana Gáspár. Labda chako, maana hakina kazi."

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Jioni alinipa leso ya mwisho ya vumbi. Kesho yake akapelekwa uani kuosha viazisukari, vile tunavyovitengenezea sukari.

Novemba likatoka jua. Nikawakuta nyuki wakitoa vitu vyeupe mzingani, kimoja kimoja, wakivitupa mlangoni kama wanavyotupa wafu wao. Nikainama. Zilikuwa punje za sukari, nzima, zilizopita kwenye wavu wa chini, mahali zisipostahili kupita.

Nikazifunga kwenye karatasi, nikamfuata Etelka uani. Alikuwa kando ya mfereji, buti zimejaa tope, viazi vikielea ndani ya mvuke.

"Nampelekea Gáspár hizi. Atakurudisha."

Akazisugua kwa vidole. "Atakuuliza umezitoa wapi, Vendel."

Aliyekutwa akitoa vumbi lile kiwandani alifukuzwa siku hiyohiyo.

"Umeona? Na ukifukuzwa, nyuki watakula nini?"

Ningeweza kubisha. Sikubisha. Akazitia mdomoni, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Za katikati," akasema. "Nzuri."

Msimu uliofuata hakuitwa. Mara ya mwisho kumwona ni siku ile mferejini: aliokota ufito wake mrefu, akavisukuma viazi, na mvuke ukamfunika kuanzia miguuni, polepole, hadi kwenye kope.