Njia ya Ng'ombe Kwenye Diski

Mwaka 2019, msimu wa kupanda mahindi, nikiwa na miaka hamsini na minne, chama chetu cha wanawake cha Ndalu kilitaka kuuza kompyuta yake kwa kuwa iliganda kila tulipofungua hesabu. Niliomba kuirekebisha mwenyewe, kwani nilikuwa nimesomea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, mjini Kitale baada ya kufiwa na mume wangu.

Nilipoigawa diski, niliacha nafasi tupu kati ya sehemu mbili, kama tuachavyo njia ya ng'ombe kati ya mashamba.

Shemeji yangu, fundi wa kompyuta wa Matisi, alipoiona alicheka. "Shemeji, hapa ng'ombe watapita wakienda wapi?"

Nafasi hiyo niliifanya swap, mahali pa kuweka kazi kwa muda pale kumbukumbu ya mashine inapojaa. Kompyuta haikuganda tena. Ijumaa, tarehe 14 Juni, kamati ya chama iliamua kwa maandishi kwamba haiuzwi.