Kiti cha Verlene katika Baraza la Raia

Msimu wa ukungu bonde letu la California hupotea. Mashamba ya milozi huyeyuka, barabara huwa uvumi tu, na Verlene Ostrander alipoendesha gari kutoka kijijini kwake Pinto Flat kwenda mahakama ya zamani ya kaunti alijiona kama anaelea ndani ya maziwa.

Jina lake lilikuwa limeokotwa na hakimu katika bahati nasibu ya kuingia Baraza la Raia, linalochunguza kazi za serikali ya kaunti. Kwa mwaka mmoja yeye, msusi mstaafu, pamoja na raia wenzake kumi na wanane, waliweza kumwita mkubwa yeyote wa kaunti, kumkalisha na kumhoji. Msusi anauliza, mkurugenzi anajibu! Kama utawala wa watu si huo, basi haupo popote.

Nyumbani mumewe, Clyde, hakuacha kumchokoza.

"Leo mmemchemsha nani?"

"Nimekula kiapo cha kutosema, Clyde."

"Hata mimi mumeo?"

"Hasa wewe. Mdomo wako ni redio."

Baraza liligawanyika katika kamati ndogo, kila moja na sura yake ya ripoti. Shahidi alihojiwa na wajumbe wasiopungua wawili, na kila hoja ilitafutiwa mtu wa kuithibitisha. Mwisho wa Juni ripoti ingekwenda kwa hakimu na baraza lingevunjika. Sura isiyokamilika ingekufa nalo.

Sura moja ilihusu maji ya Pinto Flat, yaliyonuka mayai viza. Kwa kuwa Verlene aliyanywa, kila yalipojadiliwa kanuni ilimtaka atoke nje, asije akapendelea. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, sauti za wenzake zikimfikia kwa mbali kana kwamba alikuwa chini ya ziwa, na akasinzia akiota mabomba yanayoimba.

Mwezi wa Aprili mwenyekiti, Bwana Kessinger, alitangaza mbele ya wote, "Sura ya maji tunaiondoa. Bodi ya maji inasema hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwao, nasi hatuna shahidi wa kuwapinga."

"Mimi nililalamika!" Verlene akasimama. "Nilikwenda mkutanoni kwao, na chupa yangu mkononi. Mwenyekiti wao aliinusa akacheka."

"Najua, Verlene. Lakini anachokijua mjumbe mwenyewe hakiandikwi. Tafuta sheria nyingine, mama, hii ndiyo tuliyonayo."

"Na majirani zangu?"

"Tumewaita. Hakuna aliyekuja."

Wangekujaje? Ardhi waliyojengea waliikodi kwa huyo huyo mwenyekiti wa bodi. Hofu nayo hukodishwa pamoja na kiwanja.

Verlene alitazama kiti chake. Hakuna kiti alichokipenda zaidi maishani. Kisha akabandua beji yake kifuani na kumwekea Kessinger mezani.

"Sasa mimi si mjumbe. Niiteni."

Wiki iliyofuata alirudi kupitia mlango wa mashahidi. Wajumbe wawili aliokuwa akila nao keki sasa walimwita "shahidi", wakamwapisha, wakamwuliza jina lake kana kwamba hawajawahi kumwona. Alijibu taratibu, akajihisi mwepesi, kama mtu anayezungumza usingizini na kusema kweli tupu. Mwishoni wakamwonya: asimwambie mtu kwamba alihojiwa.

Ripoti ilitoka na sura ya maji ndani yake, na bodi ikatakiwa kujibu kwa maandishi katika siku tisini. Jina la shahidi halikuwamo, kama desturi ilivyo.

Jirani yake Rosaura alikuja jikoni kwa Verlene na gazeti, macho yakimwaka.

"Umesoma? Kuna mtu amewaambia yote! Mtu mwenye moyo wa simba."

"Nimeona."

"Nawe ulikuwamo humo ndani, shoga, ukakimbia kabla ya mwaka kwisha! Ulichoka? Au mwenye ardhi alikutisha?"

Verlene alifungua mdomo. Clyde, mlangoni, alimtazama kwa hamu.

"Nilichoka," akasema. "Kaa nikuwekee chai."

"Chai ya maji haya? Hapana," akacheka Rosaura. "Nitangoja majibu ya bodi."

"Basi tungoje wote," akasema Verlene, akavuta kiti na kuketi kando yake.