Saa Saba Mchana

Waongoza wageni wenzake walimbatiza jina la Saa Saba, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na tisa amewapandisha watu mlimani asubuhi na kuwashusha jioni, na sheria yake ni moja: ikifika saa saba mchana, popote ulipo, unageuka. Mvua ya mlima ule huja alasiri, na haibishi hodi. Mwaka wake wa pili kazini alimwonea huruma mgeni mmoja, akamwongezea nusu saa. Akaishia kumshusha mgongoni, mguu umevunjika. Tangu hapo hana masihara.

Miaka hiyo yote mkewe, fundi cherehani, alimfulia matope ya mlimani bila kufika huko. Kilele alikiona dirishani tu akishona, juu ya paa la jirani. "Wageni wanakijua kwa macho," husema, "mimi nakijua kwa sabuni." Jumapili moja aliifunika cherehani, akaazima viatu vya dada yake, akasema, "Baba watoto, leo mgeni ni mimi."

Walitoka alfajiri. Langoni Saa Saba alisalimiana na walinzi, mmoja mmoja, mpaka habari za nyumbani kwao zote zikaisha. Kwenye daraja la magogo aliona msumari umechomoza, akachuchumaa kuugonga kwa jiwe. Mbele kidogo akasimama kumfunga bendeji mtu wa msafara wa mwenzake. Mkewe alingoja, akamenya yai la kuchemsha, akalimaliza, akaendelea kungoja.

Kisha walipanda. Mkewe alihema, mikono magotini, lakini hakulalamika. Walikuwa wanaweza kuwahesabu watu waliosimama kileleni, wakionyeshana mabonde kwa vidole, Saa Saba alipoitazama saa yake.

"Usiseme," mkewe alisema.

"Imefika, mama watoto."

"Dakika ishirini tu. Si pale?"

"Wote huniambia hivyo."

"Na ule msumari? Nao ungevunjika mguu?"

Alitazama juu. Anga lilikuwa jeupe pee; kwa mara ya kwanza maishani alitamani wingu, angalau moja, limtetee. Halikutokea. Angeweza kusema twende, na nani angejua? Alimvua mkewe begi, akalivaa yeye, akageukia bondeni.

Mkewe aliketi juu ya jiwe, macho kileleni. Saa Saba akaketi kando yake, akaanza kumweleza kama anavyowaeleza wageni: kushoto utaona ziwa, nyuma yake reli...

"Acha. Usinimalizie utamu."

Walishuka. Mvua haikunyesha siku ile, hata tone, na hilo lilimchoma Saa Saba kuliko maneno yote ya mkewe. Walipofika chini alifungua mdomo aombe radhi.

"Vua hiyo saa," mkewe akamkata kauli, kiganja wazi. "Jumapili ijayo naivaa mimi. Na ukisimama kumsalimia mtu, nakuacha hapo hapo."

Akaivua.