Mtu Aliyevaa Koti

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwetu karibu na Nyamache, nilikuwa tayari mwongo hodari, na walionifundisha ni wazazi wangu. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho. Kila alipokuja nyumbani alinivuta pembeni: mama yako alikwenda wapi? Akiondoka, mama naye: baba yako alisema nini? Nikajifunza kumtazama usoni anayeuliza na kumpa jibu alilokuja kulitafuta. Jibu likimridhisha baba, siku hiyo mama hakupigwa.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzijuzi. Baba alikuwa likizo, akipasua kuni, shoka likateleza likamkata mguu. Majirani wakambeba ndani. Mama alikuja mbio kutoka shambani, mikono ingali na udongo, akamkuta mama mkwe wake amesimama mlangoni. Huyo ndiye nyanya yetu, Magokoro.

"Usivuke hapo," Magokoro alisema.

Kwetu ilikuwapo imani iitwayo amasangia: mke aliyelala na mwanamume mwingine akimkaribia mumewe mwenye jeraha, damu haikatiki mpaka mume afe.

"Mama, mimi sina kosa," mama alisema. "Niache nimfunge mguu."

"Huyu mtoto hulala kwako," Magokoro alisema, akanigeukia. "Nyaboke, kuna mtu alikuja humu baba yako akiwa Kericho?"

Nikamtazama usoni, kama nilivyozoea. Ndani baba alikuwa akiguna kwa maumivu.

"Alikuja," nikasema.

"Nani?"

"Sikumwona vizuri. Alivaa koti."

Hakukuwa na mtu, wala koti. Mama alinitazama, kisha akarudi nyuma kutoka mlangoni.

Wazee walimtaka mama akiri ili kondoo achinjwe, naye atakaswe, mambo yaishe. Akakataa kukiri asilolitenda. Siku hiyo hiyo walimrudisha kwao Birongo, mdogo wangu aliyekuwa akinyonya akiwa mgongoni. Damu ya baba ilikatika jioni ile ile, na Magokoro akawaambia majirani, si mmejionea? Hata mimi niliamini nusunusu kwamba nilimwokoa baba.

Baba akaoa mwingine. Mimi nikawa mtoto wa kuuma wenzangu, kuiba mayai, kuwafinya watoto wa mama wa kambo wakiwa wamelala. Walinichapa, wakasema nimerithi tabia za mama. Simkumbuki mtu mzima hata mmoja aliyenikalisha chini akaniuliza nina nini.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipokwenda Birongo kumwambia mama ukweli. Nilimkuta akianika wimbi.

"Nilijua siku ile ile," alisema, mikono ikiendelea kutandaza.

"Sasa mbona hukuniita mwongo?"

"Wangekuua kwa fimbo. Na ulikuwa unabaki nao."

Hakunikumbatia. Alinipa uji, nikanywa, akanisindikiza hadi njiani, tukaagana kama watu waliokutana sokoni. Nilikuwa nimekwenda kutafuta msamaha, na sijui mpaka leo kama niliupata.

Nimezaa watoto sita, na nyumba yangu haikuwa ya amani siku zote. Ziko jioni mume wangu aliporudi amechelewa, nami nikitaka sana kujua alikuwa wapi, na mtoto aliyekuwa amefuatana naye amekaa hapo hapo jikoni, ananitazama usoni. Nilimpa mtoto chakula chake. Sikumwuliza.